Mtego wa Juni: namna ya kupima fomu ya wakali wa tenisi kabla ya Wimbledon

Tarehe 8 Juni 2025 Carlos Alcaraz alimshinda Jannik Sinner katika fainali ya French Open, mashindano ya Paris yanayochezwa kwenye udongo, iliyochukua saa 5 na dakika 29, tena baada ya kuokoa pointi tatu ambazo yoyote kati yake ingempa Sinner kombe. Siku kumi na moja baadaye Sinner akatolewa na Alexander Bublik raundi ya pili ya mashindano ya Halle, Ujerumani, yanayochezwa kwenye nyasi. Wiki hiyohiyo Alcaraz alikuwa Queen's, London, na ilipofika Jumapili akabeba kombe. Siku chache kabla ya Wimbledon, mashindano makubwa ya nyasi ya London, Sinner akaachana na mkufunzi wake wa mazoezi pamoja na mtaalamu wake wa tiba ya viungo. Kwa aliyetazama matokeo peke yake, hesabu ilikuwa nyepesi: Alcaraz anachukua Wimbledon ya tatu mfululizo.

Tarehe 13 Julai Sinner akashinda fainali 4-6, 6-4, 6-4, 6-4. Bublik, aliyemtoa Halle na kwenda kutwaa ubingwa wa pale, alikuwa ameshafungasha virago tangu raundi ya kwanza. Na hakuwa peke yake. Kati ya wanne waliofika nusu fainali ya Halle mwaka huo, watatu, yaani Bublik, Daniil Medvedev na Alexander Zverev, walitolewa raundi ya kwanza Wimbledon. Aliyebaki ni Karen Khachanov, aliyefika robo fainali. Upande wa Queen's, Jiri Lehecka aliyecheza fainali na Jack Draper aliyecheza nusu fainali wote waliishia raundi ya pili.

Kila mwaka mashabiki na wachambuzi huchukua matokeo ya wiki tatu za Juni na kuyafanya utabiri wa Julai, na kila mwaka yanawaumbua. Hiyo haina maana kwamba Wimbledon ni bahati nasibu. Fomu ya nyasi inapimika, ila kipimo chake hakipo kwenye orodha ya nani kabeba kombe gani. Kipo kwenye asilimia za pointi, kwenye miguu ya mchezaji, kwenye hali ya mwili wake na kwenye droo, yaani kura ya nani akutane na nani.

Nyasi zinaufanya nini mpira

Mpira ukigonga udongo mwekundu wa Paris, chembe za udongo huukwaza: unapoteza mwendo wa kwenda mbele na kupanda juu. Kwenye nyasi msuguano ni mdogo, kwa hiyo mpira unateleza, unabaki na kasi yake, halafu haupandi. Pigo zito la topspini, yaani la kuuzungusha mpira kuelekea mbele ili upande juu, ambalo Paris lingemfikia mpinzani begani, London linamfikia kiunoni. Slaisi, ile ya kuuchana mpira kwa chini, haipandi hata kufika goti.

Kutokana na hilo, mchezaji anapoteza vitu viwili kwa mpigo. Kwanza muda, kwa sababu mpira unafika mapema. Pili, urefu wa mahali pa kuupigia. Anayeshika raketi kwa mkono uliogeuzwa sana chini ya mpini, mshiko unaofaa kwa topspini ya juu, analazimika kukunja magoti mno au kuuokota mpira kwa kiwiko, na hapo ndipo fohendi, pigo la upande wa mkono wa raketi, inapotoka nje ya mstari au kufia wavuni. Casper Ruud amecheza fainali mbili za French Open, 2022 na 2023, lakini Wimbledon, hadi 2025, hajawahi kuvuka raundi ya pili. Mkono wake haujapungua nguvu. Mpira ndio haumjii pale anapoutaka.

Nyasi za leo lakini si zile za enzi ya Pete Sampras, bingwa wa miaka ya 1990. Hadi mwaka 2000 viwanja vya Wimbledon vilipandwa mchanganyiko wa aina mbili za nyasi, asilimia 70 raigrasi na asilimia 30 feskyu nyekundu. Kuanzia 2001 ni raigrasi tupu, inayokatwa kubaki milimita 8. Inastahimili kukanyagwa, na udongo wa chini yake hukauka na kuwa mgumu, kwa hiyo mpira hudunda kwa kueleweka zaidi kuliko zamani. Mwaka 2002 fainali ikawa kati ya Lleyton Hewitt na David Nalbandian, wote wachezaji wa nyuma ya mstari, na tangu hapo anayekimbilia wavuni kila baada ya sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, amekuwa nadra. Anayekwambia leo kwamba Wimbledon ni ya wapiga sevu tu amechelewa miaka ishirini na kitu.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wengi hawalitilii maanani: uwanja hubadilika ndani ya wiki mbili. Jumatatu ya kwanza nyasi ni mbichi, zimejaa maji na zinateleza. Kufikia wiki ya pili eneo la nyuma ya mstari limegeuka vumbi la kahawia, mguu unashika, na mpira unapanda juu kidogo. Mashindano yanaanza kwenye uwanja mmoja na kumalizika kwenye mwingine. Mchezaji anayetegemea sevu na mapigo mafupi ana nafasi yake nzuri siku nne za mwanzo. Anayejenga pointi kutoka nyuma, akinusurika siku hizo nne, anazidi kuwa na nafuu. Ndiyo sababu vigogo wengi hutetereka mapema, na wakivuka hapo hawakamatiki.

Paa nalo lina lake. Uwanja Mkuu ulipata paa mwaka 2009, Uwanja Namba 1 mwaka 2019. Likifungwa, upepo unakufa na sevu inakuwa sahihi zaidi, lakini unyevu unapanda na nyasi zinateleza. Mwaka 2021, raundi ya kwanza, Adrian Mannarino aliteleza chini ya paa lililofungwa, akaumia goti na kushindwa kuendelea dhidi ya Roger Federer, mechi ikiwa sare ya seti mbili kwa mbili.

Kwa nini Juni inadanganya

Baada ya French Open kuna wiki tatu tu. Zilikuwa mbili hadi 2014. Ya tatu iliongezwa mwaka 2015. Wiki ya kwanza ina Stuttgart na 's-Hertogenbosch, ya pili ina Halle na Queen's ambayo ndiyo mashindano makubwa ya matayarisho yenye pointi 500 za orodha ya ubora kwa bingwa, na ya tatu ina Eastbourne na Mallorca. Aliyefika fainali Paris kwa kawaida hucheza Halle au Queen's peke yake. Akishinda zote, ni mechi tano. Akishindwa mapema, ni mechi mbili. Huwezi kumpima mtu kwa mechi mbili.

Mechi zenyewe ni za seti tatu, si tano. Katika seti tatu, mpiga sevu mwenye siku nzuri anaweza kupitia upenyo mwembamba sana: taibreka moja (gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6), breki moja (kushinda gemu ambayo mpinzani ndiye anayesevu), mchezo umekwisha. Katika seti tano mpokeaji mzuri anapata muda wa kuisoma sevu, na mwenye mapafu anapata muda wa kumchosha mwenzake. Bublik alimshinda Sinner Halle kwa seti mbili kwa moja, akichanganya dropu (mapigo mafupi yanayodondoka karibu na wavu), sevu za kasi na mapigo ambayo hata yeye pengine hakuyapanga. Mchezo wa namna hiyo kuushindia seti tatu kwa siku moja, halafu kuurudia kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili, ni kibarua cha aina nyingine.

Kuna pia suala la nia. Halle na Queen's, kwa wakubwa, ni mahali pa kuzoesha miguu. Mtu anajaribu kusogea mbele anapopokea sevu, anajaribu slaisi ambayo hakuitumia miezi miwili, anapima maumivu. Novak Djokovic ametwaa Wimbledon mara saba, 2011, 2014, 2015, 2018, 2019, 2021 na 2022, na katika miaka hiyo yote saba hakutwaa kombe lolote la matayarisho ya nyasi. Mara nyingi hakucheza kabisa. Andy Murray yuko kinyume chake: 2013 na 2016, miaka aliyotwaa Wimbledon, alianza kwa kuchukua Queen's. Federer mwaka 2017 aliruka msimu mzima wa udongo, akapoteza mechi yake ya kwanza Stuttgart mbele ya Tommy Haas, halafu akachukua Halle na Wimbledon, hii ya pili bila kupoteza seti hata moja.

Sinner na Alcaraz wenyewe wameufanya mtego huu uonekane wazi. Mwaka 2024 Sinner alichukua Halle, na Wimbledon akaishia robo fainali mbele ya Medvedev; mwaka 2025 alipoteza mapema Halle na kuchukua Wimbledon. Alcaraz alichukua Queen's na Wimbledon 2023. 2024 akatolewa Queen's raundi ya pili na Draper lakini akachukua Wimbledon. 2025 akachukua Queen's na kupoteza fainali ya Wimbledon. Ukitafuta kanuni hapo utatafuta sana.

Hesabu ya sevu na mapokezi

Badala ya kutazama nani kashinda, fungua takwimu za mechi. Zinatolewa bure baada ya kila mchezo, na namba nne zinatosha: asilimia ya sevu ya kwanza iliyoingia (ikikosa, mchezaji anapewa ya pili), asilimia ya pointi alizoshinda kwenye sevu hiyo, asilimia ya pointi alizoshinda kwenye sevu ya pili, na asilimia ya pointi alizoshinda akipokea.

Tuchukue mfano. Mchezaji anaingiza sevu ya kwanza asilimia 62, anashinda asilimia 76 ya pointi zake, na kwenye sevu ya pili anashinda asilimia 52. Zidisha 0.62 kwa 0.76, upate 0.471. Zidisha 0.38 kwa 0.52, upate 0.198. Jumla ni kama 0.67: kati ya kila pointi 100 anazosevu anashinda 67.

Sasa hiyo 67 ina maana gani kwenye gemu? Gemu moja inahitaji pointi nne na tofauti ya mbili, kwa hiyo tofauti ndogo kwenye pointi hukua ikifika kwenye gemu. Anayeshinda asilimia 60 ya pointi zake za sevu anashinda gemu anazosevu kama asilimia 74. Kwa asilimia 65 inakuwa 83. Kwa 67 inakuwa 86, kwa 70 inakuwa 90, na kwa 75 inakaribia 95. Tazama hatua hizo: kutoka 60 hadi 65 anapata ongezeko la asilimia 9 za gemu, kutoka 70 hadi 75 anapata 5 tu. Maana yake, aliye tayari juu hafaidiki sana kwa kuongeza kasi ya sevu. Faida yake iko kwingine.

Iko kwenye mapokezi. Kama wapinzani wako wanashinda asilimia 65 ya pointi zao za sevu, unavunja sevu mara moja katika kila gemu sita hivi. Ukiwashusha hadi asilimia 62, unavunja mara moja katika kila gemu nne na nusu. Pointi tatu tu kati ya mia moja zimekupa karibu breki ya ziada katika kila seti tatu. Hapo ndipo Sinner na Djokovic wanapowaacha wenzao, na hapo ndipo wapiga sevu warefu wanapokwama mwaka hadi mwaka. Mpiga sevu mkubwa asiyeweza kupokea anazipeleka seti zake kwenye taibreka, na taibreka ni pointi saba tu. Ukicheza nyingi, ipo itakayokuendea vibaya.

Mfano wake ulitokea siku ya kwanza ya Wimbledon 2025. Giovanni Mpetshi Perricard alipiga sevu ya maili 153 kwa saa, kama kilomita 246, ya kasi zaidi kuwahi kurekodiwa kwenye mashindano hayo. Taylor Fritz aliurudisha mpira, na pointi ikawa yake. Mfaransa huyo alishinda seti mbili za kwanza kwa taibreka, akawa anaongoza 5-1 kwenye taibreka ya seti ya nne, na bado akapoteza mechi katika seti tano.

Katika namba zile nne, ya kutiliwa maanani kuliko zote ni ile ya sevu ya pili. Sevu ya kwanza ikiingia, karibu kila mwanaume wa ishirini bora anafaidi kwenye nyasi. Tofauti inatoka pale anapolazimika kupiga ya pili huku mpokeaji amesogea hatua mbili mbele. Akishuka chini ya asilimia 50 kwa mechi mbili mfululizo za Juni, hata kama alishinda zote mbili, hilo ni onyo. Kinyume chake pia ni kweli: aliyepoteza 7-6, 7-6 huku sevu yake ya pili ikimpa asilimia 56 hajacheza vibaya hata kidogo.

Tahadhari moja: usilinganishe namba za mechi moja moja bila kutazama mpinzani. Kupokea dhidi ya Mpetshi Perricard na kupokea dhidi ya mtu wa udongo ni mambo mawili tofauti. Jumlisha mechi zote za nyasi za mchezaji kwa miaka miwili ndipo upate picha.

Miguu, na mwili wote

Kwenye udongo mchezaji anauendea mpira kwa kuteleza. Kwenye nyasi mbichi mtelezo huo unaweza kumpasua msuli wa paja, kwa hiyo wengi hurudi kwenye hatua fupifupi, kiuno kikiwa chini, na viatu vyenye vinundu vidogo vya mpira kwenye soli. Utamjua asiyezoea: anafika kwenye mpira vizuri, lakini baada ya kupiga anachelewa kurudi katikati kwa sababu anaogopa kuukanyagia mguu wa nje. Mpinzani akiligundua hilo, anapiga mpira wa pili palepale alipotoka.

Djokovic alionyesha kwa miaka mingi kwamba inawezekana kuteleza hata kwenye nyasi, na Alcaraz na Sinner wameifuata njia hiyo. Lakini hata bingwa mara saba nyasi humtega. Kwenye robo fainali ya 2025 dhidi ya Flavio Cobolli alianguka vibaya mechi ikikaribia mwisho, na siku mbili baadaye Sinner akamtoa 6-3, 6-3, 6-4 huku akionekana wazi kwamba hasogei kama kawaida yake.

Habari za majeraha za mwezi Juni zina uzito kuliko kombe lolote. Lorenzo Musetti alipangwa namba 7 Wimbledon 2025, yaani aliwekwa kwenye droo kama wa saba kwa ubora. Mwaka uliotangulia alikuwa amefika nusu fainali, na bekihendi yake, pigo la upande wa pili, ya mkono mmoja yenye slaisi nzuri ni silaha hasa ya nyasi. Lakini alikuwa ameshindwa kumaliza nusu fainali ya French Open kwa sababu ya paja, akaikosa Queen's, na akaingia Wimbledon bila mechi hata moja ya nyasi. Alikutana na Nikoloz Basilashvili aliyepitia mchujo, yaani mechi za kufuzu, akatolewa. Wanaotoka kwenye mchujo wa Roehampton wanadharauliwa bure: wamekwisha kushinda mechi tatu za nyasi kabla kigogo hajavaa nguo nyeupe.

Usikimbilie kumfuta majeruhi, hata hivyo. Mwaka 2024 Djokovic alifanyiwa upasuaji wa goti mwanzoni mwa Juni, na bado akafika fainali ya Wimbledon. Swali la kuuliza ni jeraha liko wapi na mchezo wake unategemea nini.

Nani anafaa nyasi, na kwa nini

Sinner anapiga mpira wa bapa, bila kuuzungusha sana, kwa mkupuo mfupi wa raketi, na anauchukua mapema. Nyasi zinamwongezea kasi bila kumdai chochote. Mtu mwenye mkupuo mfupi haharibikiwi sana mpira ukidunda vibaya, kwa kuwa hakuhitaji muda mrefu wa kujiandaa. Sevu yake ndiyo ya kuangaliwa: akiingiza ya kwanza zaidi ya asilimia 60, kumvunja ni kazi. Katika seti ya nne ya fainali ya 2025, akiongoza 4-3, alikuwa nyuma 15-40. Akaziokoa pointi zote mbili za breki, na hapo kombe likawa lake.

Alcaraz ana kila kitu, na hilo ndilo tatizo lake pekee. Dropu, voli (kuupiga mpira kabla haujadunda), sevu na kukimbilia wavuni, fohendi ya kumaliza: siku akichagua vizuri hakuna wa kumzuia, kama alivyomfunga Djokovic 6-2, 6-2, 7-6 mwaka 2024. Siku akichagua vibaya anazawadia gemu. Raundi ya kwanza 2025 alihitaji seti tano kumtoa Fabio Fognini, aliyekuwa na miaka 38. Kwa Alcaraz usitishwe na raundi za mwanzo. Tazama kama idadi ya makosa mepesi inapungua kutoka mechi moja hadi nyingine. Hadi alipoingia fainali ya 2025 alikuwa ameshinda mechi 20 mfululizo Wimbledon.

Fritz ni mtu wa kuheshimiwa zaidi ya anavyoheshimiwa. Juni 2025 alichukua Stuttgart na Eastbourne, akafika nusu fainali Wimbledon na kumtoa jasho Alcaraz kwa seti nne. Udhaifu wake ni mwendo wa pembeni upande wa fohendi, na wakubwa wanaujua. Ben Shelton na Draper wanatumia mkono wa kushoto, na kwenye nyasi hiyo ni mali: sevu yao ya kukata kwenda nje, upande wa kushoto wa mpokeaji, inateleza hadi karibu na viti vya pembeni. Draper alipangwa namba 4 mwaka 2025, akatolewa na Marin Cilic, mwenye miaka 36, aliyewahi kucheza fainali 2017 na aliyekuwa ametoka kushinda mashindano ya daraja la chini ya nyasi Nottingham mwezi huohuo. Wachache walilitazama hilo kombe la Nottingham. Lilikuwa na habari zaidi kuliko la Halle.

Zverev ndiye kitendawili cha kila mwaka. Ana sevu kubwa, bekihendi imara, urefu wa karibu mita mbili, na hadi 2025 hajawahi kuvuka raundi ya nne Wimbledon. Ukimtazama kwa makini utaona anasimama nyuma sana. Kwenye udongo hilo linampa muda. Kwenye nyasi linampa mpinzani pembe, na mtu mrefu kuinama kwenye mpira wa chini ya goti akiwa mbio si jambo dogo. Mwezi Juni 2025 alicheza fainali Stuttgart na nusu fainali Halle, kisha akatolewa na Arthur Rinderknech katika mechi ya seti tano iliyolala hadi siku ya pili.

Na Bublik? Bingwa wa Halle 2023 na 2025, mchezaji wa nyasi hasa. Aliyemtoa Wimbledon ni Jaume Munar, Mhispania anayejulikana kwa udongo. Siku chache kabla yake, kule Queen's, Munar alikuwa amemkalisha Alcaraz uwanjani zaidi ya saa tatu na kupoteza seti ya tatu 7-5. Dalili ilikuwepo, ila ilijificha upande wa aliyeshindwa. Tafuta majina kama hayo kila Juni: mtu asiyepangiwa namba aliyepoteza kwa pointi chache mbele ya kigogo.

Droo

Wachezaji ni 128 na 32 kati yao hupangiwa namba ili wasikutane mapema. Namba 1 na 2 huwekwa pande tofauti, 3 na 4 hugawanywa kwa kura, na 5 hadi 8 wanaangukia robo moja moja. Kuanzia 2002 hadi 2019 Wimbledon ilikuwa na kanuni yake kwa wanaume, iliyoongeza uzito wa pointi za nyasi. Tangu 2021 wanafuata orodha ya kawaida ya ubora ya ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume. Kwa hiyo mtu aliyekusanya pointi zake kwenye udongo wa Monte Carlo na Roma anaweza kupangwa namba 8 huku hajui nyasi, na robo yake ya droo ikawa wazi. Mwaka 2025 walitoka 13 kati ya hao 32 raundi ya kwanza peke yake.

Droo hutolewa Ijumaa kabla ya Jumatatu ya ufunguzi. Anza kwa kutafuta vigogo wawili ambao unaamini namba zao za sevu ya pili, halafu hesabu ni wapokeaji wazuri wangapi walio kwenye robo zao. Wapiga sevu watakutoa roho lakini mara nyingi watapita. Mpokeaji mzuri asiyepangiwa namba ndiye wa kuogopwa. Kisha tazama hali ya hewa. Siku ya ufunguzi 2025 joto lilipita nyuzi 32, na kwenye joto nyasi hukauka haraka na mpira unapanda, jambo linalowapa nafuu watu wa udongo kama Munar.

Baada ya hapo inabaki bahati, ambayo hakuna takwimu inayoishika. Raundi ya nne ya 2025 Grigor Dimitrov alikuwa anaongoza seti mbili kwa bila dhidi ya Sinner, ambaye alikuwa ameumia kiwiko kwa kuanguka mwanzoni mwa mechi. Seti ya tatu ikiwa 2-2, Dimitrov akashika kifua: msuli umechanika baada ya sevu. Akatoka akilia, Sinner akasonga mbele.

Kwa wanaofuatilia kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, viwanja vya nje vinaanza saa saba mchana, Uwanja Mkuu saa tisa na nusu alasiri, na hakuna mchezo unaoruhusiwa kupita saa saba usiku kwa saa zetu. Fainali ya wanaume, tangu 2025, huanza saa kumi na mbili jioni. Kama una nafasi ya kutazama siku mbili tu za wiki ya kwanza, chagua Jumatano na Alhamisi, raundi ya pili: wageni wa nyasi wengi wameshatoka, viwanja bado ni vya kijani, na mtu anayepokea sevu kutoka ndani ya mstari siku hiyo atakuwepo wiki ya pili.